Siku Mbili Berlin, Njiani Kwenda Nyumbani



Kila ifikapo Juni, shule zikishafungwa, familia nyingi za hapa Fridley na vitongoji vya jirani huanza kufunga masanduku ya safari ya nyumbani. Wengi wetu hupitia Amsterdam, na kwa wengi wetu Ulaya yote ni viti vya uwanja wa ndege wa Schiphol, ambavyo tumesinzia juu yake tukiingojea ndege ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe. Sisi nasi tumesinzia juu ya viti hivyo miaka mingi. Julai 2025, tukiwa wazee wawili na wajukuu wawili, mmoja wa miaka kumi na minne na mwingine kumi na mmoja, tuliamua kuikatisha safari. Tulipanda treni ya mwendo wa saa sita hivi hadi Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, tukakaa huko Jumamosi na Jumapili.

Tulikuwa na sababu. Maisha yetu ya kazi tuliyamalizia darasani, mmoja wetu akifundisha Historia na mwenzake Kiswahili. Tuliwaeleza watoto wa Tanzania habari za Mangungo wa Msovero na mkataba aliowekeana na Carl Peters, habari za Abushiri wa Pangani, za Kinjikitile wa Ngarambe, za Songea Mbano. Neno "Berlin" tuliliandika ubaoni mara zisizohesabika. Mji wenyewe hatukuwa tumeuona. Na wajukuu hawa, waliozaliwa ng'ambo hii ya dunia, walikuwa wakiujua kwa jambo moja tu, yaani Ukuta uliojengwa mwaka 1961 na kufunguliwa mwaka 1989.

Mwenyeji wetu, kijana wa Tanga ambaye ni mkazi wa Berlin wa miaka mingi, alitupokea kituo kikuu cha treni Ijumaa jioni. Alitusalimu, "Shikamooni, wazee wangu," akawapokea wajukuu mabegi, kisha akauliza kama tungependa kuanza na Ukuta. Tulimjibu kwamba Ukuta tutauona, lakini tumekuja kutafuta vilivyo vyetu. Alicheka. "Basi mtatembea sana," akasema.

Alisema kweli. Berlin ni mji mpana, tambarare, wenye miti mingi na mto katikati. Kwa mtu wa Minnesota majira yake ya joto si mageni, ila jua huchelewa zaidi kutua. Saa tatu na nusu usiku bado tulikuwa tukionana nyuso. Lango la Brandenburg tuliliona, tukapiga picha kama watu wote. Jengo la Bunge lenye kuba la kioo tuliliona kwa nje. Hayo yameandikwa katika kila kitabu cha watalii, na hatutawachosha nayo.

Jumamosi asubuhi tulianza na mtaa wa Wilhelmstraße. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, na ndimo walimokutana wajumbe wa nchi kumi na nne kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885. Marekani, nchi ya paspoti za wajukuu wetu, ilikuwa mojawapo. Mwafrika hakuwapo hata mmoja. Jumba lenyewe halipo tena. Pana fleti za zege zilizojengwa enzi za Ujerumani Mashariki, na mbele yake, kando ya njia ya miguu, kibao cha ukumbusho. Watu walipita na mifuko ya sokoni bila kukitazama. Mjukuu mdogo aliuliza: "Ni hapa tu?" Ni hapo tu.

Turuhusuni jambo moja la kiualimu. Vijana wengi huambiwa kwamba katika chumba hicho Afrika iliwekwa mezani ikakatwa kwa rula kama keki. Sivyo ilivyokuwa. Mkutano ule ulishughulikia zaidi biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kumiliki pwani mpya. Mipaka tunayoijua ilichorwa baadaye, kwa mikataba kama ile ya mwaka 1886 na 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani. Lakini wakati wajumbe wakizungumza hapo, Carl Peters alikuwa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za wazee wetu kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mkutano ulifungwa Februari 26, 1885. Kesho yake, Februari 27, Kaisari alitia saini hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Miaka ishirini na moja baadaye, tarehe hiyohiyo ya mwaka 1906, wenzake wa Songea Mbano walinyongwa, na ndiyo maana Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji kila Februari 27. Mjukuu mkubwa aliziandika tarehe hizo kwenye daftari lake, moja chini ya nyingine, bila kuambiwa.

Hatua chache kutoka hapo ulikuwa mtaa ambao jina lake la zamani lilitokana na neno la kuwadharau watu weusi. Siku tuliyopita lilikuwa bado lipo. Agosti 23, 2025, sisi tukiwa tumeshaondoka, lilibadilishwa rasmi likawa la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa wa Kiafrika aliyezaliwa katika nchi inayoitwa leo Ghana na kufundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena karne ya kumi na nane.

Katika barabara ya Unter den Linden tulisimama mbele ya chuo kikuu kinachoitwa leo Humboldt. Chini ya chuo hicho ilianzishwa mwaka 1887 Seminari ya Lugha za Mashariki, ambamo maofisa waliokuwa wakipelekwa kututawala walijifunza Kiswahili. Nani aliwafundisha? Maprofesa wa Kijerumani, ndiyo, lakini kando yao walikuwapo watu wa kwetu. Mmoja alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuja Berlin mwaka 1900. Kitabu mashuhuri cha desturi za Waswahili kilichotolewa mwaka 1903 na Carl Velten kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Kila mwalimu wa Kiswahili wa rika letu amekunywa maji ya kisima hicho, ajue asijue. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, akataka kurudi naye nyumbani. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki wakuu wa koloni walikataa kumwacha ashuke na mkewe. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Tulitafakari jambo hilo kwa muda mahali pale, sisi ambao tuna tikiti ya kwenda na kurudi.

Sasa tuje kwenye mjusi.

Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe liko mtaa wa Invalidenstraße. Ukishakata tikiti na kuvuka mlango wa ndani, unaingia ukumbi mmoja mkubwa wenye paa la kioo, na hapo anakusimamia yeye: mjusi mkubwa wa Tendaguru, mwenye urefu wa mita 13 na sentimita 27 kutoka sakafuni hadi utosini. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko hii duniani. Nyumba zetu za ghorofa moja hapa Fridley zingemfika kifuani. Ameishi miaka takriban milioni 150 iliyopita, na amelala ardhini katika nchi ya Lindi muda wote huo, hadi Wajerumani walipomchimbua kati ya mwaka 1909 na 1913.

Wajukuu wetu, kama watoto wengi wa hapa, wamepelekwa na shule zao kwenye Jumba la Sayansi la Saint Paul, na wanajua majina ya dinosaria kuliko wanavyojua majina ya samaki wa Bahari ya Hindi. Walimtambua haraka Diplodocus aliye katika ukumbi huohuo. Huyo ni wa Marekani, na ni wa plasta, nakala iliyotolewa zawadi na tajiri Carnegie mwaka 1908. Lakini yule mrefu kupita wote, tukawaambia, ni wa kwenu. Walitutazama kana kwamba tunatania.

Ikabidi tuketi kwenye benchi tuwasimulie. Tendaguru ni kilima kilichopo kiasi cha kilomita sitini kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Habari za mifupa hiyo zilimfikia mhandisi wa Kijerumani mwaka 1906, nchi ikiwa bado inafuka moshi wa Vita vya Majimaji na watu wakifa kwa njaa iliyoletwa na jeshi lililochoma mashamba na maghala. Ni katika nchi hiyo iliyochoka kwamba mamia ya vibarua waliandikwa kuchimba. Msimu uliokuwa na watu wengi walikaribia mia tano, na wake zao na watoto wao wakajenga kijiji kizima kambini. Wataalamu wa Kijerumani walikuwa wawili watatu. Aliyekuwa kiongozi wa wachimbaji, aliyejua kuufukua mfupa usivunjike na kuufunga usisagike njiani, alikuwa Boheti bin Amrani.

Mifupa ilibebwa kichwani hadi Lindi, mwendo wa siku nne, kisha ikapakiwa melini. Jumla ilizidi tani 200. Mjukuu mkubwa alipewa hesabu hapohapo: ikiwa mzigo wa mpagazi ni kilo thelathini, ni mizigo mingapi? Alipata 6,666 na salio. Alirudia hesabu mara mbili, akasema: "Babu, hiyo ni watu karibu elfu saba." Au, tukamwambia, watu mia chache waliokwenda na kurudi, wakaenda na kurudi, kwa miaka minne.

Wataalam walimpa mnyama huyo jina la Branca, mkurugenzi wa jumba la makumbusho wa wakati huo. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Ni heshima, ingawa imekawia, na tunawaomba wazazi wenye watoto wanaopenda dinosaria walifundishe jina hilo nyumbani. Mtoto anayeweza kutamka Tyrannosaurus hashindwi na Boheti.

Swali lilikuja, kama tulivyojua litakuja: "Kwa nini hawamrudishi?" Hapo ndugu wasomaji lazima tuseme kwamba sisi wawili hatukubaliani, na mabishano yaliyoanza kwenye benchi lile yamerudi nasi hadi Fridley. Mmoja wetu anasema kilichochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe hakina hati, na kwamba Lindi haina jambo lingine lolote ambalo lingeweza kuwaleta wageni wa dunia nzima. Mwenzake anasema mifupa ile ni dhaifu, kuisafirisha ni kuihatarisha, na heri Wajerumani wajenge jumba na maabara Lindi na kuwasomesha vijana wa huko wachimbe wenyewe, kwani Tendaguru haijakwisha. Suala hili limewahi kufika Bungeni Dodoma. Mwaka 2018 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Dkt. Augustine Mahiga, alisema serikali haitaidai mifupa hiyo, itataka ushirikiano katika utafiti. Mjukuu mdogo alitoa suluhisho lake: wao wabaki na nakala ya plasta, kama ile ya Carnegie, na mifupa yenyewe irudi. Hatukupata jibu la haraka la kumpa, na kwa kweli hadi leo hatujalipata.

Kuna mifupa mingine iliyochukuliwa wakati uleule, ambayo haikai ukumbini. Ni mafuvu ya watu. Wajukuu tuliwaambia kwa ufupi, maana umri wao hauruhusu zaidi. Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayoyatunza ilitangaza kwamba kwa vipimo vya vinasaba imewapata ndugu walio hai wa watu watatu wa Uchagani. Fuvu la Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, halikuwa miongoni mwake. Novemba 1 mwaka huohuo, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Jumapili asubuhi tulikwenda mtaa wa Wedding, kaskazini ya mji, kwa treni ya chini ya ardhi namba U6. Unashuka kituo kinachoitwa Afrikanische Straße, na unapotoka juu unaingia katika ramani ya ajabu: mtaa wa Togo, wa Kameruni, wa Uganda, wa Kongo, wa Zanzibar, wa Tanga. Kijana wetu wa Tanga alitupiga picha chini ya kibao cha mji wake, na kila mgeni, alisema, humpiga hapohapo. Majina hayo yaliwekwa kuanzia mwaka 1899, Wajerumani walipokuwa wakijivunia makoloni. Ni mtaa wa watu wa kawaida, fleti, bustani ndogo za mboga, baiskeli. Siku hiyo mwanamke aliyevaa dera alikuwa akinunua mikate, na maamkizi yalianza kwa Kiswahili kabla hatujaulizana tunatoka wapi. Alikuwa mtu wa Bukavu.

Barabara moja ya hapo ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, na utawala wa Hitler. Ni yuleyule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu, na ambaye hata serikali ya Kaisari ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga Kilimanjaro. Mwaka 1986 wakuu wa mtaa walitangaza kwamba kuanzia siku hiyo jina hilo ni la Peters mwingine, Hans, mwanasheria mwema. Kibao kilibaki kilekile. Wenyeji wenye asili ya Afrika hawakuridhika, wakaendelea kudai. Agosti 2024 barabara iligawanywa majina mawili: sehemu moja ni ya Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee. Wanahistoria wengine hukadiria kwamba waliokufa katika vita hivyo na njaa yake walifika 300,000. Tulisimama chini ya kibao hicho wote watano. Wajukuu hawakushangaa sana, kwani nao wameona ziwa la Minneapolis lililoitwa Calhoun, jina la mtetezi wa utumwa, likirudishiwa jina lake la Kidakota, Bde Maka Ska. Waliuliza tu kama na huko Berlin watu waligombana. Waligombana, tena mahakamani.

Mama yeyote atakayefika asiache kupita pia karibu na Hermannplatz, kusini ya mji, ambako mtaa wa Wissmann, aliyemnyonga Abushiri Pangani Desemba 1889, tangu mwaka 2021 unaitwa mtaa wa Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa kiuwaziri Tanganyika. Bibi wa safari hii alitembea mtaa ule mwanzo hadi mwisho.

Tulimalizia Brunnenstraße namba 193. Mbele ya nyumba hiyo, katikati ya mawe ya njia ya miguu, kuna kijiwe cha shaba cha upana wa kiganja, kama maelfu ya vingine vilivyowekwa mbele ya nyumba za waliouawa na Manazi. Hiki ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto wa miaka kumi hivi alikuwa pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani, Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Aliambiwa muda wa kudai umepita. Akabaki. Alikuwa mhudumu wa mgahawa, alioa, alizaa, aliigiza katika filamu, na kwa miaka kumi hivi alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kilekile tulichosimama mbele yake Jumamosi. Filamu yake ya mwisho, mwaka 1941, ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alikufa huko Novemba 24, 1944.

Mwalimu mwenzetu. Tuliinama. Bibi alikifuta kijiwe kwa pindo la khanga, maana shaba ilikuwa imefifia, na mjukuu mdogo akalisoma jina kwa sauti, akilitamka vizuri kuliko mpita njia yeyote wa Berlin.

Sasa ya safari. Wenye paspoti ya Marekani hawahitaji viza kuingia Ujerumani kwa siku chache. Wenye kadi ya ukaazi wa Marekani pekee, wanaosafiri kwa paspoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, wanahitaji viza ya Schengen, na waiombe miezi kadhaa kabla; bila hiyo hawatatoka nje ya uwanja wa Amsterdam. Mwambieni wakala wa tikiti mapema kwamba mnataka kukatisha safari, kwani kuibadilisha baadaye ni ghali. Jumba lenye mjusi hufungwa Jumatatu. Treni ya U6 ina kituo karibu nalo, na ndiyo hiyohiyo iendayo mitaa ya Wedding. Kutoka jumbani hadi Brunnenstraße ni nusu saa kwa mwendo wa mtoto. Vaeni viatu vya kutembea. Mchoro wa njia tuliyoipita tumemwachia mhariri, na atakayeuhitaji aombe nakala.